Mwanafunzi Ataweza

Kuna sentensi ambayo karibu kila aliyepita chuo kikuu katika miongo ya karibuni alikabidhiwa, na ni wachache walioisoma mara ya pili. Huanza hivi: "Kufikia mwisho wa kozi hii, mwanafunzi ataweza", kisha nukta mbili, kisha orodha. Hukaa ukurasa wa kwanza wa mwongozo wa kozi, chini ya jina la mhadhiri na juu ya ratiba ya mihadhara, mahali ambapo macho hupita haraka yakitafuta tarehe ya jaribio la kwanza. Nataka tuisome polepole, kama tunavyousoma ubeti, kwa sababu ni utanzu uliokamilika: una kanuni zake, una miiko yake, una waasisi wanaojulikana kwa majina, na una wasimamizi wanaorudisha kazi iliyotungwa vibaya. Nitaisoma hasa kwenye elimu ya jumla, zile kozi za lazima ambazo kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza huzichukua, awe anasomea uhandisi, sheria au ualimu. Huko ndiko umbo hili linakoumiza zaidi, na huko pia ndiko lilikozaliwa.

Nitunge mfano mwenyewe, nisije nikamwonea mtu. Kufikia mwisho wa kozi hii, mwanafunzi ataweza:

(a) kueleza dhana za msingi za maendeleo ya jamii;
(b) kuchambua changamoto za kijamii kwa kina;
(c) kutathmini hoja kwa kutumia ushahidi;
(d) kuwasiliana kwa ufasaha kwa maandishi na kwa mazungumzo;
(e) kuheshimu tofauti za kitamaduni.

Sikutoka jasho kuitunga, na naamini ingepita kwenye kamati nyingi bila kuguswa. Hakuna jambo baya ndani yake. Nani atasimama mbele ya watu apinge ufasaha, au ushahidi? Na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Kozi inayotaka kumlazimisha kila kijana aisome ilipaswa kuwa na angalau sentensi moja ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuikataa.

Tuanze na kiima. Mwanafunzi yuko peke yake ndani ya sentensi. Mwalimu hayumo. Vitabu havimo. Wenzake hawamo, ingawa kipengele cha (d) kinadai atawasiliana, sijui na nani. Yuko katika umoja, hana jina wala alikotoka, na kila kitenzi kinachofuata ni chake. Kisarufi amepandishwa cheo, maana ndiye mtendaji wa kila kitu. Lakini sentensi haisemwi na yeye. Hakuna mwongozo wa kozi unaosema "nitaweza". Amepewa nafasi ya kiima bila kupewa nafasi ya msemaji, na msemaji halisi, yule aliyeamua kwamba haya matano ndiyo ya kujua, ameondoka jukwaani bila kuonekana akiondoka.

Kisha wakati. Walimu wa shule wanamjua ndugu wa sentensi hii kwenye andalio la somo: "Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze…" Hiyo "aweze" inabeba nia ya mwalimu na wasiwasi wake pia, mwalimu anapanga, lakini mtoto wa dawati la nyuma atashika nini, hilo litajulikana kipindi kikiisha. Vyuoni nia hiyo hugeuka kuwa wakati ujao, ataweza, na nia ikigeuka wakati ujao inakuwa ahadi. Ahadi hii haina "ikiwa". Haisemi ikiwa atahudhuria, ikiwa maktaba ina nakala za kutosha, ikiwa ukumbi utawatosha wote walioandikishwa.

Ahadi yenyewe, hata hivyo, ina tahadhari ya wakili. Haisemi mwanafunzi atatathmini hoja. Inasema ataweza kutathmini. Anaweza kuondoka na uwezo huo, akaishi miaka hamsini bila kuutumia hata siku moja, na chuo kitakuwa kimetimiza neno lake. Uwezo hauonekani. Kinachoonekana ni tendo, na tendo pekee ambalo chuo hulishuhudia ni mtihani. Kwa hiyo "ataweza kutathmini" husomeka, ukiifuata mpaka mwisho wake, kuwa "atapasi swali la kutathmini". Baadaye nitaonyesha kwamba usomaji huu hauna uchokozi wowote. Ndivyo sentensi ilivyokusudiwa tangu mwanzo.

Kilichonishika zaidi ni viunganishi, kwa kuwa havimo. Katika orodha nzima hakuna "kwa sababu", hakuna "lakini", hakuna "ingawa", hakuna "kwa hiyo". Kila kipengele kina herufi yake, kimefungwa kwa nukta mkato, kinajitegemea. Kihamishe cha (e) kiwe (a): hakuna kinachoanguka. Fanya hivyo kwa ubeti wa tarbia, hamisha kipande kimoja tu, na vina vinavunjika na maana inapinda. Orodha inavumilia kuchanganywa kwa sababu sehemu zake hazihitajiani. Sasa kumbuka elimu ya jumla ilianzishwa kwa hoja gani. Ilisemwa, na inasemwa mpaka leo karibu kila inakofundishwa, kwamba maarifa yamegawanywa vipande mikononi mwa mabingwa, na kijana anahitaji mahali pa kuyaona yakiwa yameungana. Dai la kuunganisha limekabidhiwa umbo ambalo kazi yake ni kutenganisha.

Wala hakuna nomino ya pekee hata moja. Futa msimbo wa kozi na nembo ya chuo, umpe msomaji orodha hii, umwulize imetoka nchi gani na mwaka gani. Hawezi kujua. Maendeleo ya jamii ipi? Changamoto zipi, za nani? Orodha za namna hii hutafsirika kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa wepesi unaotia shaka, maana hazina ardhi ya kung'ang'ania. Kwa Tanzania hilo lina uchungu wake. Kozi za lazima zinazomtaka mwanafunzi aijue jamii yake hufundishwa kwa Kiingereza, na kama matokeo yake yangetaja hata kijiji kimoja kwa jina, pengine mtu angeuliza kwa nini wanakijiji hao wanajadiliwa kwa lugha wasiyoisema.

Asili ya umbo hili inajulikana. Robert Maynard Hutchins alikabidhiwa urais wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 30, na mwaka 1931 chuo hicho kilianza mpango mpya wa shahada ya kwanza: kozi za jumla kwa wote, na mwishoni mtihani mkuu uliosimamiwa na ofisi maalumu ya watahini, tofauti na darasa la mwalimu. Mahudhurio hayakuwa ya lazima. Aliyejiona yuko tayari angeweza kuukabili mtihani. Ulikuwa mpango wa kishujaa kwa namna yake, kwa kuwa ulimtoa mwanafunzi kwenye mamlaka ya mwalimu mmoja mmoja, lakini ulizaa swali gumu: anayetahini akiwa si anayefundisha, atajuaje atahini nini? Ilihitajika sentensi ya kupitishwa kati ya ofisi mbili. Mkuu wa watahini alikuwa Ralph Tyler, na baada yake Benjamin Bloom. Mwaka 1948 watahini wa vyuo mbalimbali walikutana Boston, kando ya mkutano wa wanasaikolojia wa Marekani, wakatamani lugha moja ya kuyapanga maswali yao ili waweze hata kubadilishana. Lugha hiyo ilitoka mwaka 1956 kama kitabu kilichohaririwa na Bloom, chenye ngazi zake sita ambazo kila mwalimu aliyepita chuo cha ualimu Afrika Mashariki anazikariri hadi leo.

Kwa hiyo sentensi yetu ni mtoto wa mtihani wa elimu ya jumla. Aliyeizaa hakuwa mwanafalsafa aliyejiuliza kijana ajue nini. Alikuwa mtahini aliyejiuliza maswali yake ayaweke kwenye kabati gani, na ndiyo maana nilisema kuisoma kama "atapasi swali" si uchokozi.

Yapo mabadiliko mawili ya umbo ndani ya historia hiyo ambayo mhakiki hapaswi kuyapita. Ngazi sita za mwaka 1956 zilikuwa nomino: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi, tathmini. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl waliziandika upya kuwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni; wakazibadilishia nafasi ngazi mbili za juu, kubuni kukapanda kileleni. Nomino ilikuwa hali anayokuwa nayo mtu. Kitenzi ni kazi anayoifanya mbele ya shahidi. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1962, Robert Mager aliandika kijitabu cha kuwafundisha watu kutunga malengo, akashikilia kwamba lengo lililotimia lina tendo linaloonekana, masharti ya kulifanyia, na kiwango cha kukubalika. Alionya dhidi ya maneno yanayobeba tafsiri nyingi: kujua, kuelewa, kufurahia. Mwiko huo bado una nguvu. Mwanachuo wa ualimu anayeandika "mwanafunzi aelewe" kwenye andalio lake hurudishiwa karatasi ikiwa na mstari mwekundu, aambiwe aandike "aeleze" au "ataje". Nafahamu sababu. Lakini kuelewa ndiko alikokwenda shule kukutafuta, na sasa ni neno ambalo haruhusiwi kuliandika.

Badiliko la pili ni la kupungua. Tyler, mwaka 1949, alikuwa ameuliza maswali manne kuhusu mtaala wowote: makusudi ni yapi, ni mambo gani mwanafunzi ayapitie ili kuyafikia, mambo hayo yapangweje, na tutajuaje kama makusudi yametimia. Swali la tatu alilipa uzito mkubwa. Alidai mpangilio uwe na mwendelezo, uwe na mfuatano, na uunganishe somo moja na jingine. Utanzu wa "ataweza" ulirithi swali la kwanza na la nne, makusudi na kipimo. Swali la tatu, lile la viunganishi, likaachwa njiani.

Je, yalikuwepo maumbo mengine? Yalikuwepo, na si yote ninayoyapenda. Pale Columbia, New York, kozi ya ustaarabu wa kisasa ilianza mwaka 1919, kutokana na kozi ya masuala ya vita iliyofundishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1937 ikafuatiwa na kozi ya fasihi kwa wote. Umbo la kozi hizo ni orodha pia, lakini ya majina ya vitabu. Hakuna kitenzi hata kimoja. Kila kitu ni nomino ya pekee. Na mpangilio hauhamishiki. Homer lazima atangulie Virgil, na Virgil atangulie Dante, kwa kuwa kila mmoja alimsoma aliyemtangulia na akabishana naye. Mfuatano wenyewe ndio hoja. Ubaya wake unajulikana: kwa miongo mingi majina yale yalikuwa ya Ulaya, karibu yote ya wanaume, na wanafunzi waliokosa kujiona humo waligomba. Lakini waligomba kwa sababu majina yalikuwepo ya kugombewa.

Harvard ni kisa kirefu zaidi, na kwa msomaji wa maumbo ni kitamu zaidi. Charles Eliot, aliyekuwa rais wake kuanzia mwaka 1869 hadi 1909, aliziondoa kozi za lazima moja baada ya nyingine mpaka ikabaki karibu uandishi wa Kiingereza wa mwaka wa kwanza tu. Waliomfuata walizirudisha kwa jedwali: chukua kadhaa hapa, kadhaa pale. Mwaka 1943, vita vikiendelea, rais James Conant aliteua kamati, na mwaka 1945 kamati hiyo ikatoa kitabu cha jalada jekundu kuhusu elimu ya jumla katika jamii huru. Ni kitabu cha nathari, kirefu, chenye sura nzima kuhusu shule za sekondari kabla hakijafika kwenye kozi za chuo. Uwezo ambao mwanafunzi anapaswa kuupata umetajwa humo, na ni wa aina nne: kufikiri vizuri, kuwasilisha alichokifikiri, kutoa maamuzi yanayohusika, na kupambanua tunu za maisha. Ukiyatoa manne hayo ukayapa herufi, unapata orodha isiyotofautiana sana na ile niliyoitunga juu. Tofauti iko pembeni mwake. Pale yamezungukwa na kurasa zinazosema kwa nini haya na si mengine, na kwa jamii ipi. Mapendekezo yalikuwa mahususi pia: katika kozi 16 za shahada, sita ziwe za elimu ya jumla, na angalau moja itoke kila eneo kati ya maeneo matatu makuu.

Simpambi mtu. "Sisi" ya kitabu kile inanichosha. Ni "sisi" ya walimu wa chuo tajiri wanaozungumza kwa niaba ya nchi nzima, na haijiulizi hata kidogo ni nani yumo ndani yake. Lakini ni kiwakilishi kinachoonekana, na mtu anaweza kukielekezea kidole. Walimu wenzao walifanya hivyo. Walichokipitisha mwishowe kilikuwa mpango uliolegezwa.

Tangu hapo Harvard imebadilisha mfumo mara tatu, na kila mara maelezo yamefupika na vichwa vya habari vimechukua kazi ya hoja. Mwaka 1978 ulipitishwa mpango uliojali namna za kutafuta maarifa kuliko maarifa yenyewe. Mwaka 2007 ukaja mwingine wenye makundi manane, na tangu mwaka 2019 makundi ni manne, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa: Ujumi na Utamaduni; Maadili na Uraia; Historia, Jamii, Watu Binafsi; Sayansi na Teknolojia katika Jamii. Tuyasome hayo manne kama mishororo. Mawili ya kwanza yameunganishwa kwa "na", kiunganishi kisicho na deni, kinachoweka vitu viwili bega kwa bega bila kusema vinahusianaje. La tatu limeacha hata "na" likabaki na mikato; historia, jamii na mtu wamewekwa kwenye foleni wala hawatazamani. La nne pekee lina "katika". Neno hilo linadai kitu: kwamba sayansi haikai nje ya jamii, iko ndani yake. Mwanafizikia anaweza kulikataa. Katika vichwa vinne, hicho ndicho pekee ninachoweza kubishana nacho.

Na usidhani "na" haina moto ndani yake. Mwezi Oktoba 2006 kamati ya walimu pale pale Harvard ilipendekeza kwamba kila mwanafunzi achukue kozi katika kundi lililoitwa Akili na Imani. Steven Pinker, profesa wa saikolojia, alilipinga kwenye gazeti la wanafunzi. Kuziweka akili na imani sambamba, alihoji, ni kuzifanya zionekane njia mbili zilizo sawa za kujua, na chuo kikuu kipo kwa ajili ya ile ya kwanza. Kabla mwaka haujaisha kundi hilo lilikuwa limeondolewa, na mwaka 2007 mahali pa kugusia dini pakawa ndani ya kundi la Utamaduni na Imani, jina lisilomchoma mtu. Katika historia yote hii sijui tukio jingine ambapo kiunganishi cha mtaala kilisomwa kwa makini namna ile. Ilidhihirika kwamba kundi lilikuwa limesema kitu, na papo hapo likafutwa. Hata ningekuwa upande wa Pinker, ningesikitika kwamba mjadala ulimalizwa kwa kubadilisha jina.

Kwa vyuo vingine vya Marekani lugha ya pamoja ilitengenezwa na AAC&U, muungano wa vyuo unaotetea elimu ya jumla, uliotoa mwaka 2009 majedwali ya kupimia matokeo kama vile fikra tunduizi na mawasiliano ya maandishi. Kila jedwali lina safu zinazoshuka kutoka 4 hadi 1. Ukiyasoma kwa jicho la fasihi utaona kwamba kitenzi mara nyingi ni kile kile kutoka safu hadi safu. Kinachopanda na kushuka ni vielezi na vivumishi. Huyu anachambua kwa kina, yule anachambua, wa tatu anachambua kwa juujuu. Baada ya kazi yote ya Mager ya kufukuza maneno yenye tafsiri nyingi, hukumu imerudi kujificha kwenye kielezi, neno legevu kuliko yote aliyoyafukuza. Anayeamua "kwa kina" ni kina gani ni mwalimu, akiwa na kalamu mkononi, kama alivyokuwa akiamua zamani.

Dar es Salaam ilifika kwenye elimu ya jumla kwa njia nyingine, na kwa kishindo. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana wakiwa wamevaa majoho, wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi 1967 likafuata andiko la Elimu ya Kujitegemea, mwezi ule ule ulipofanyika mkutano wa kujadili nafasi ya chuo kikuu katika Tanzania ya kijamaa. Kutokana na mabishano yale, yaliyochukua miaka, kila mwanafunzi wa Dar es Salaam, awe wa sheria au wa uhandisi, alikuja kulazimika kusoma kozi ya maendeleo, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi ya kuifundisha. Vizazi vya wahitimu vinaijua kwa herufi mbili tu: DS.

Elimu ya Kujitegemea inahusu zaidi shule za msingi, lakini chuo kilirithi mantiki yake, na mantiki hiyo ina umbo. Inaanza na swali: jamii yoyote inasomesha watoto wake kwa nini? Inakwenda kwenye elimu ya mkoloni na kusema ilitumikia nini. Inauliza ni jamii gani inayokusudiwa kujengwa, na kuitaja misingi yake: usawa na heshima ya binadamu, kugawana kilichozalishwa, kila mtu afanye kazi na asinyonywe na mtu. Ndipo inapozihukumu shule zilizopo kwa vipimo hivyo, kisha inapendekeza. Huwezi kuanza na mapendekezo ukamalizia na historia, jengo linaanguka. Kila sehemu imesimama juu ya iliyotangulia.

Ina "sisi" yake, nayo haina unyenyekevu kuliko ile ya Harvard. Ni sauti ya kiongozi aliyetoka kuwafukuza wanafunzi, na ndani yake kijana ni mtu wa kurekebishwa. Ukiyaweka maandishi haya mawili pamoja, la 1945 na la 1967, yanafanana kwa jambo ambalo waandishi wao wasingependa kulisikia: yote yaliandikwa kutokana na mtikisiko, vita kule, maandamano huku, na yote yanaitaka elimu ya wote ilishike taifa lisipasuke. Wanafunzi wa Dar es Salaam walijibu kwa umbo lao. Chama chao cha USARF kiliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili, ambayo hakuna aliyelazimishwa kuyahudhuria, na walitoa jarida la Cheche. Mwezi Septemba 1970 toleo maalumu la jarida hilo lilibeba insha ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini. Mwezi Novemba jarida lilipigwa marufuku. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya jumla, yenye msemaji aliye mwanafunzi, na yenye "kwa sababu" nyingi kuliko serikali ilivyoweza kuvumilia.

Leo tume zinazosimamia vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya, hutaka kila programu itaje matokeo yake ya kujifunza. DS bado ipo. Nchini Kenya vyuo kadhaa vina kozi za pamoja za stadi za mawasiliano, za Ukimwi, za falsafa. Mabishano yaliyozileta kozi hizo hayapo kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo.

Siwezi kuiacha orodha bila kuitetea, kwa sababu wanaoidharau mara nyingi ni watu ambao hawakuwahi kuihitaji. Nathari ndefu ya kamati inamdhania msomaji aliyezoea nathari ndefu. Binti wa kwanza wa ukoo wake kufika chuoni hana mjomba wa kumnong'oneza kwamba mhadhiri fulani anataka nini hasa. Orodha inamwambia, hata kama ni kwa lugha kavu. Mhadhiri akiondoka katikati ya muhula, atakayempokea ana pa kuanzia. Mwanafunzi anayehama chuo ana karatasi ya kuonyesha amesoma nini. Na zaidi ya hayo, orodha ni silaha: mtihani ukija na jambo ambalo halikuahidiwa, anaweza kuinyanyua juu na kuuliza. Kitabu chekundu hakimpi hata moja ya hizo. Kabla ya orodha palikuwa na walimu wazuri, na palikuwa pia na walimu waliojificha miaka 30 nyuma ya maneno makubwa bila mtu kujua wanafundisha nini.

Kwa hiyo sipendekezi ifutwe. Nataka kujua tu kama inaweza kubeba kiunganishi. Nichukue kile kipengele changu cha (b), "kuchambua changamoto za kijamii kwa kina", nikiandike upya: "Tutasoma Azimio la Arusha la 1967 pamoja na Azimio la Zanzibar la 1991, kwa sababu la pili lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na la kwanza, ingawa halikutangaza kwamba linalifuta, nawe utaandika kurasa nne ukisema kama chama kinaweza kubadili msingi wake bila kukiri, na msomaji wako awe mtu asiyekubaliana nawe."

Ni sentensi ndefu, na itachakaa mapema kuliko ile fupi. Kada mkongwe atalalamika kwamba swali limeelemea upande mmoja. Mwalimu wa kemia atauliza kwa nini wanafunzi wake wakeshe na maazimio ya chama wakati hawajui maji wanayokunywa yanasafishwaje, na itabidi ajibiwe kwa hoja, pengine ashinde. Msemaji anaonekana: kuna "tutasoma". Mwanafunzi anaambiwa "wewe". Kuna "kwa sababu" moja na "ingawa" moja, na ukiondoa yoyote kati ya hizo sentensi haisimami. Kinachoisubiri ni fomu ya kuidhinisha kozi, yenye jedwali la safu tatu: kitenzi, ngazi ya Bloom, njia ya upimaji. Sentensi hii ina vitenzi vingi, na safu ya kwanza inataka kimoja.